Kasa wa Diani, taa zangu na kosa la chaguo-msingi

Wasomaji wangu, leo naomba mnivumilie. Nilikuwa nimeahidi kumalizia ile habari ya hifadhidata, lakini kuna jambo limenikaa rohoni na nisipoliandika halitatoka. Ni habari ya kasa, taa, na programu niliyoiandika mimi mwenyewe kwa vidole vyangu hivi. Mnaopenda msimbo tu msikimbie, msimbo upo huko chini.

Ilianza kwa ujumbe wa simu. Mlinzi wa usiku wa nyumba fulani za wageni upande wa Galu, kusini mwa Diani, aliniandikia: "Fundi, shikamoo. Nina kobe mdogo hapa. Nataka unitengenezee taa ya joto, ile inajiwasha na kujizima. Itakuwa pesa ngapi?" Namba yangu aliitoa kwenye sanduku la swichi. Mwaka jana niliwawekea mtambo wa kuendesha taa za nje, na mimi nina tabia ya kuandika namba yangu kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko.

Sasa mimi nikiulizwa swali la namna hiyo hufurahi kama mtoto. Nikakaa nikamwandikia maelezo marefu. Nikamweleza kwamba kobe hana joto lake mwenyewe mwilini kama sisi, analipata nje: akitaka kuchemka anaota jua, akitaka kupoa anaingia kivulini. Nikamweleza kwamba anahitaji pia ile sehemu ya mwanga wa jua tusiyoiona, UVB, maana bila hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, na bila D3 hawezi kutumia kalisi, na gamba lake linalainika. Nikaongeza kwamba kioo cha dirisha kinazuia UVB, kwa hiyo kobe anayewekwa kwenye tangi la kioo nyuma ya dirisha anaona mwanga tu lakini dawa yenyewe haimfikii. Vitabu vya ufugaji vinasema wekeni taa ya kuotea ya nyuzi 32 hivi, na tyubu ya UVB saa 12 kwa siku, na tyubu ibadilishwe hata kama bado inawaka, kwa sababu UVB inaisha kabla ya mwanga.

Halafu nikamwambia: lakini vitabu hivyo vimeandikwa na mtu wa London, ambaye mwezi wa kwanza jua lake linachomoza saa mbili asubuhi na linazama saa kumi jioni. Wewe uko nyuzi nne na kitu kusini mwa ikweta. Taa ya nini? Mpe ua lenye jua na kivuli na maji, basi. Pale Haller Park, Mombasa, yule kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, ambaye dunia nzima ilimjua baada ya mtoto wa kiboko Owen kumng'ang'ania kufuatia tsunami ya Desemba 2004, alikuwa anakadiriwa kuwa na miaka 130 hivi, na umri wote huo hakufika kwa kununuliwa balbu. Tena nikamkumbusha kwamba kobe wa porini hafugwi hivi hivi tu, kuna kibali cha KWS. Nikajiona nimemaliza kazi ya leo, nimempunguzia mtu gharama.

Akanitumia picha.

Hakuwa kobe. Kobe ana miguu yenye kucha. Huyu alikuwa na mapezi manne bapa kama makasia, gamba jeusi, tumbo jeupe, mwili mzima unaingia kwenye kiganja. Mtoto wa kasa uziwa. Alikuwa kwenye beseni la maji ya bomba, na juu ya beseni kuna balbu imening'inizwa kwa waya ili apate joto. Yaani kila kitu ambacho hakitakiwi kilikuwepo, na kilikuwepo kwa nia njema kabisa. Nikampigia.

"Umemtoa wapi huyu?"

"Kwenye mtaro, fundi, hapa mlangoni. Walikuwa wengi. Wengine nimewatoa kwenye bwawa la kuogelea. Wengine kunguru wamewamaliza asubuhi. Niliowapata hai nimewapeleka baharini, huyu alikuwa amechoka nikaona nimtunze kwanza."

Mtaro uko upande wa barabara. Bahari iko upande mwingine kabisa. Nikamuuliza mbona waje huku, taa za ufukweni si huzimwa saa nne usiku, mimi mwenyewe ndiye niliyepanga hivyo?

"Zilizimika saa nne. Halafu saa saba stima ikapotea. Iliporudi, zikawaka zote mpaka asubuhi."

Hapo nikaelewa kila kitu, na ningependa nisingeelewa.

Naeleza sasa kwa mafundi wenzangu. Mtambo ule ni bodi ya ESP32 na rilei. Bodi haina saa yake yenye betri. Ikiwaka inauliza saa kutoka kwenye seva ya intaneti kupitia waifai. Swali ambalo kila mwandishi wa programu hukutana nalo ni hili: kati ya kuwaka na kupata jibu la saa, taa ziwe katika hali gani? Mimi niliandika WASHA. Mstari mmoja, ndani ya sehemu ya mwanzo, rilei zote WASHA, na pembeni nikaweka maelezo: "kwa usalama". Nilifikiria mwizi. Stima ikipotea usiku, ikirudi, afadhali mwanga uwepo. Usiku ule stima ilirudi lakini ruta ya intaneti haikurudi. Bodi ikakaa inasubiri saa ambayo haikuja, na taa tisa za LED nyeupe zikakaa zinawaka juu ya mchanga hadi kunapambazuka. Programu ilifanya sawasawa na nilivyoiagiza. Hakukuwa na hitilafu yoyote ya kurekebisha, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa kwa nini mwanga uwaue? Hapa ngoja nikae kidogo, maana utaratibu wa mtoto wa kasa ni kama programu iliyoandikwa na mtu hodari, na kila sehemu yake inategemea joto au mwanga.

Mama kasa hupanda usiku, huchimba, hutaga mayai mia na kidogo, hufukia, huondoka. Haangalii nyuma. Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60 hivi, na katika kipindi cha katikati joto la mchanga ndilo linaloamua kama kifaranga atakuwa dume au jike. Hakuna kromosomu ya jinsia kama yetu. Mstari wa katikati uko karibu na nyuzi 29 za Selsiasi: chini ya hapo madume yanazidi, juu ya hapo majike. Pengo kati ya "karibu wote madume" na "karibu wote majike" ni nyuzi chache tu.

Wakishatoka kwenye mayai hawachomoki mara moja. Wanapanda pamoja ndani ya mchanga, mmoja anamsukuma mwenzake, wakifika karibu na juu wanasimama. Wanasubiri mchanga upoe. Mchanga ukipoa wanajua usiku umeingia, ndipo wanabubujika wote kwa pamoja. Hebu fikiria: kidhibiti joto ambacho hakina waya, hakina betri, na kinafanya kazi chini ya mchanga. Ndiyo maana siku ya mawingu na mvua kubwa wengine hudanganyika wakatoka mchana.

Wakiwa juu, sheria ni moja: nenda kwenye mwangaza ulio chini kabisa kwenye upeo, kimbia giza lililosimama juu. Kwa mamilioni ya miaka sheria hii haikuhitaji kusahihishwa. Bahari huakisi nyota na mwezi, nchi kavu ina miti na vichaka vyeusi. Pale Diani hata mpangilio ni mzuri zaidi, pwani inatazama mashariki, nyuma kulikuwa na msitu, na mabaki yake yapo mpaka leo kwenye kaya za Wadigo kama Kaya Kinondo. Upande mmoja ukuta wa giza, upande mwingine maji yanang'aa. Kifaranga hana haja ya kujua zaidi ya hilo.

Akifika majini anabadilisha programu. Anaogelea kuyakabili mawimbi, na baadaye anatumia hisia ya sumaku ya dunia. Hili la sumaku lilionyeshwa na Kenneth Lohmann mwaka 1991, kwa kuweka vifaranga kwenye maji ndani ya koili zinazogeuza uwanja wa sumaku, na wao wakageuka nao. Lakini sumaku na mawimbi huja baadaye. Pale mchangani macho ndiyo kila kitu. Na chakula chake ni kiini cha yai kilichobaki tumboni, cha kumvusha mwamba na kumfikisha kwenye kina kirefu. Akizunguka saa mbili kwenye bustani ya wageni, nguvu ile imekwisha kabla hajaonja chumvi.

Na si kila mwanga unamvuta sawasawa. Macho ya kasa yanaona zaidi mwanga wa mawimbi mafupi: urujuani, bluu, kijani. Mwanga wa kaharabu na mwekundu, kuanzia nanomita 560 kwenda juu, humvuta kidogo zaidi. Sasa LED nyeupe ni kitu gani? Ni chipu ya bluu, kilele chake kwenye nanomita 450 hivi, iliyopakwa unga wa njano ili jicho la mtu lione nyeupe. Ukimwangalia kasa kwa jicho lake, tumemwekea tochi ya bluu. Na hapa nataka kuwaonya wenye nia njema: dukani utaambiwa nunua "warm white", 2700K, ni ya njano haina madhara. Ile Kelvin ni rangi inavyoonekana kwa binadamu. Bluu bado imo, imepungua tu. Unachotaka ni LED ya kaharabu halisi, inayotoa mwanga karibu na nanomita 590 bila unga mweupe. Kule Florida, ambako serikali za mitaa zina kanuni za taa za ufukweni kwa miaka mingi, wana masharti matatu: taa iwe chini, ifunikwe isionekane kutoka mchangani, na iwe ya mawimbi marefu. Hakuna teknolojia ngumu hapo. Ni kofia ya bati na balbu sahihi.

Basi maoni yangu ni haya, na najua wengine mtanikasirikia. Tumeuza uongo unaoitwa mwanga wa usalama. Mimi nimo kati ya wauzaji. Taa kubwa nyeupe inayomwelekea mlinzi usoni inamfunga macho. Anaona duara lake la mwanga na nje yake ni weusi mtupu. Mwizi amekaa kwenye weusi anamwangalia yeye. Mlinzi yule wa Galu aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba usiku wa stima kupotea ndio anaouona ufuo wote hadi kwenye mwamba. Taa ndogo ya kaharabu kwenye kimo cha goti, pale pa ngazi na njia, inamsaidia zaidi kuliko projekta ya wati 50 juu ya mnazi. Taa inayowashwa na kihisi cha mwendo pia ni nzuri, kwa sababu taa iliyowaka ghafla inamwambia jambo, taa inayowaka usiku kucha haimwambii lolote.

Na wageni? Nimeambiwa wageni wanataka kuona bahari usiku. Bahari haionekani kwa projekta, jamani. Zima uone.

Hilo ni la mwanga. La joto ni baya zaidi kwa sababu halionekani.

Ufuo wa mchanga mweupe wa matumbawe kama wetu una bahati: mweupe huakisi jua, haupati moto kama mchanga mweusi wa volkano. Kwenye kisiwa cha Ascension kuna fuo mbili za kasa uziwa, moja nyeupe na moja nyeusi, na watafiti wamepima nyeusi ikizidi kwa zaidi ya nyuzi 2. Nyuzi 2, wakati jinsia nzima ya kiota inageuka kwa pengo la namna hiyo. Mwaka 2018 wakatoa matokeo ya kaskazini mwa mwamba mkuu wa Australia: katika kasa wachanga waliopimwa, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Wakubwa walikuwa asilimia 86.8. Maana yake mabadiliko yametokea ndani ya kizazi.

Sasa angalia sisi tunafanya nini. Mlakasa uliotambaa kwenye mchanga tunaung'oa ili pwani iwe "safi". Mvinje unakatwa ili chumba kiitwe cha kutazama bahari. Halafu unajengwa ukuta wa mawe, ambao mchana unakunywa jua, na mama kasa akipanda usiku anaukuta anarudi, au anataga chini yake pale maji kujaa yanapofika. Kivuli kimeondoka, kimo cha kutagia kimeondoka. Halafu mtu huyohuyo ananipigia simu anataka "sensa" za kupima joto la viota, na skrini mapokezi ya kuwaonyesha wageni. Nimepigiwa simu hiyo mara mbili. Kwa heshima zote, panda mvinje kwanza.

Najua kishawishi chetu mafundi: tukiona tatizo la joto tunataka kifaa. Lakini historia ipo. Miaka ya 1970, kabla watu hawajaelewa vizuri habari ya joto na jinsia, wahifadhi wa Suriname waliokoa mayai kwa kuyaweka kwenye masanduku ya styrofoam. Mayai yakaanguliwa vizuri, kila mtu akafurahi. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Nicholas Mrosovsky na wenzake wakachunguza wakaona masanduku yale yalikuwa baridi kuliko mchanga, na yalikuwa yanatoa madume kupita kiasi. Watu wazuri, kazi ya usiku na mchana, na mashine yenye chaguo-msingi baya ambalo hakuna aliyelijua.

Kama bado unataka kupima, pima ufuo, usipime kiota. Kiota ni cha wenye kibali. Fukia vihisi viwili kina cha nusu mita, kimoja chini ya mti na kimoja kwenye mchanga ulio wazi, mbali na mahali kasa wanapotaga, uache wiki kadhaa. Kihisi cha bei nafuu tunachotumia sote, DS18B20, mtengenezaji mwenyewe anasema kinaweza kukosea nusu nyuzi juu au chini. Kwa chumba cha seva ni sawa. Kwa jambo linaloamuliwa na nyuzi moja ni kosa kubwa, kwa hiyo viweke vyote viwili kwenye chupa ya maji yenye barafu iliyopondwa, andika kila kimoja kinasoma ngapi badala ya sifuri, ndipo uvifukie. Watu wengi wanaruka hatua hii halafu wanachora grafu nzuri za uongo.

Turudi kwa yule wa kwenye beseni. Nilimwambia mlinzi azime balbu, amtoe kwenye maji. Maji ya bomba si yake, na hata yangekuwa ya chumvi, kifaranga akiwa ndani ya maji haachi kuogelea. Anapiga makasia anazigonga kuta za beseni mpaka nguvu iishe. Amweke kwenye ndoo yenye mchanga wenye unyevu, kivulini, afunike kwa kitambaa, giza kabisa, asimlishe. Halafu apige simu KWS au Diani Turtle Watch, ambao ni wa Local Ocean Conservation, hao waliotokana na kazi ya kasa iliyoanza Watamu mwaka 1997. Kasa wa baharini wote wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013. Kumweka nyumbani, hata kwa huruma, ni kosa, na mlinzi wa mshahara ule si mtu wa kupelekwa mahakamani kwa ajili ya huruma. Alipiga simu. Jioni, giza lilipoingia, wakaenda naye mchangani taa zote zikiwa zimezimwa kwenye swichi kuu. Hawakumtia majini kwa mkono. Walimwacha atembee mwenyewe.

Mimi sikuwepo, nilikuwa Likoni nasubiri feri. Nilifika kesho yake.

Nilichobadilisha ni hiki. Bodi sasa ina saa yake, DS3231 yenye betri ya kidonge, kwa hiyo haisubiri intaneti kujua kama ni usiku. Rilei nimezifunga upya ili zikikosa umeme wa kuziamuru zibaki ZIMA, kwa waya na si kwa programu tu, maana programu inaweza kuganda. Kama bodi haina uhakika wa saa, taa za upande wa bahari haziwaki. Mlinzi ana kitufe chake cha kuziwasha akisikia kitu, na zinajizima baada ya dakika 5. Mstari wenye maelezo "kwa usalama" nimeufuta, lakini katika kumbukumbu za mabadiliko umebaki na jina langu, na sitaufuta huko.

Gharama ya saa ile haifiki hata bei ya chakula cha mchana cha mgeni mmoja. Ningeiweka tangu mwanzo. Sikuiweka kwa sababu hakuna aliyeniuliza ni nani mwingine anatumia ufuo ule usiku, na mimi sikujiuliza.

Mwenye nyumba nilizungumza naye nusu saa kwa simu. Si mtu mbaya. Alisikitika kweli kuhusu vifaranga, akasema wageni wamepiga picha wakiwa wanalia. Nikampa bei ya kubadilisha taa zote tisa kuwa kaharabu na kuzivisha kofia. Akakubali sita. Tatu zilizobaki, zile za ngazi za kushuka ufukweni, akasema haiwezekani, wageni wakijikwaa atashtakiwa, na kaharabu "inaonekana kama baa". Nikamweleza kwamba ngazi hazihitaji rangi nyeupe, zinahitaji mwanga ulio chini, unaoelekea kwenye kidato. Akasema atafikiria. Ndugu zangu, nimeshatuma bei mara mbili.

Mtu ataniambia: vifaranga wachache, wakati inasemekana katika elfu moja anayefika utu uzima ni mmoja. Hesabu hiyo naichukua kinyume. Kama ni mmoja katika elfu, basi kiota kizima kilichoishia mtaroni ni sehemu ya kumi ya kasa mmoja mzima, na ufuo una nyumba ngapi? Na kasa uziwa hufika umri wa kutaga baada ya miaka 20, 30, wakati mwingine zaidi. Wale walioanguliwa mwaka 2009, mwaka ambao nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa na sisi wa Pwani tukaanza kusema tuna intaneti ya kweli, wengi wao bado hawajarudi kutaga. Tangu wakati huo mimi nimebadilisha lugha nne za programu. Wakirudi watatafuta pwani ya eneo walikozaliwa, na watakuta tumeijaza taa.

Kwa wale mnaoweka mitambo hii Diani, Tiwi, Msambweni na kwingineko, msimbo wote nitampa anayeutaka, bure, pamoja na mchoro wa nyaya. Kitu kimoja tu nawaomba mjaribu kabla ya kumkabidhi mteja: zimeni swichi kuu usiku, chomoeni ruta, halafu washeni tena swichi kuu, mkasimame mchangani kwenye maji na kutazama nyumba.

Mlinzi yule alinipigia tena juzi. Anataka taa ya joto inayojiwasha na kujizima. Nikashtuka, nikamuuliza ya nani safari hii. Akacheka. Ya vifaranga vya kuku, fundi, nimenunua 50 Ukunda. Hiyo nimemwambia nitamtengenezea.